Jeni ya APOE, mafuta ya damu, p-tau217 au amiloidi ya ubongo: upime kipi?

Baba ameanza kuuliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja. Au wewe mwenyewe umefika miaka 50, na mama yako alifariki akiwa hakutambui tena. Unatafuta kipimo, na unakutana na majina manne yanayotajwa kana kwamba ni kitu kimoja: kipimo cha jeni ya APOE, kipimo cha kolesteroli, kipimo cha damu cha p-tau217, na kipimo cha amiloidi, protini inayorundikana ubongoni katika Alzheimer, kwa maji ya uti wa mgongo au kwa picha ya PET, inayopigwa baada ya kudungwa dawa yenye mionzi kidogo.

Viwili vya kwanza vinahusu jinsi mafuta yanavyobebwa mwilini. Viwili vya mwisho vinatafuta ugonjwa wa Alzheimer wenyewe. Wengi wanaoumizwa na majibu ya vipimo hivi walipewa jibu sahihi kabisa, ila la swali ambalo hawakuuliza.

Mafuta yanavyosafiri ubongoni

Bila kulielewa hili, majibu ya APOE na ya kolesteroli huchanganywa kila siku, kwa hiyo tulikalie kidogo.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini umebeba karibu asilimia 20 ya kolesteroli yote ya mwili. Sehemu kubwa imo kwenye mielini, ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva. Kolesteroli hiyo haitoki kwenye chakula wala kwenye ini, kwa sababu kolesteroli ya damu haipenyi ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Ubongo hujitengenezea yake. Kwa mtu mzima, kazi hiyo hufanywa zaidi na astrosaiti, seli zenye umbo la nyota zinazozihudumia niuroni, yaani seli za neva.

Mafuta hayasafiri majini bila mbebaji. Astrosaiti hutoa protini ya APOE, mnyororo wa asidi amino 299. Protini nyingine, ABCA1, iliyojichomeka kwenye utando wa seli, huipakia APOE kolesteroli na fosfolipidi hadi ikawa chembe ndogo yenye mzigo. Chembe hiyo huifikia niuroni, hudakwa na vipokezi vya LDLR na LRP1, huvutwa ndani, na mzigo hupakuliwa. Kolesteroli inayozidi hugeuzwa na kimeng'enya cha CYP46A1 kuwa 24-hidroksikolesteroli, na hiyo sasa inaweza kupenya kutoka ubongoni kwenda kwenye damu. Wapo wabebaji na wasaidizi wengine ambao jeni zao zimehusishwa na Alzheimer, wakiwemo ABCA7, CLU na SORL1, lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye kwa sasa hupimwa peke yake ili kumshauri mgonjwa.

APOE ina aina tatu kuu, E2, E3 na E4, na tofauti iko kwenye nafasi mbili tu za mnyororo: ya 112 na ya 158. E2 ina asidi amino ya sisteini kwenye zote mbili. E3 ina sisteini kwenye 112 na arginini kwenye 158. E4 ina arginini kwenye zote mbili. Asidi amino hiyo moja ya 112 inatosha kubadilisha umbo la protini. Mbebaji wa E4 hupakiwa mafuta kwa shida zaidi, na taka ya amiloidi beta huchelewa kuondolewa. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha kwamba katika ubongo wenye E4, oligodendrosaiti, yaani seli zinazofuma mielini, hurundika kolesteroli ndani yao wenyewe wakati mielini inabaki na upungufu. Alois Alzheimer mwenyewe, katika maelezo yake ya mwaka 1907, alitaja mafuta aliyoyaona ndani ya seli za glia, zile zinazozihudumia niuroni. Jambo hilo liliwekwa kando kwa miaka mingi huku macho yote yakiwa kwenye amiloidi na tau, protini nyingine ya ugonjwa huu, na ni vizuri sana kwamba limerudi mezani.

Vigezo vya kulinganisha

Kila kipimo hapa chini kinapitishwa kwenye maswali manne: kinajibu nini, kinafanywaje, kinapotosha wapi, na kinamfaa nani. Kuna la tano ambalo wewe ndiye wa kulijibu kabla ya kutoa mkono uchomwe: jibu likija baya, utafanya nini tofauti kesho yake?

Kabla ya vyote vinne, mtu aliyeanza kusahau achunguzwe mambo yanayotibika: tezi ya shingo, vitamini B12, usikivu, sonona, usingizi unaokatika kwa kukosa pumzi, na orodha ya dawa anazomeza. Difenhidramini, iliyomo kwenye dawa nyingi za mzio na za usingizi, na amitriptilini huweza kumfanya mzee aonekane amepoteza kumbukumbu.

1. Kipimo cha jeni ya APOE

*Kinajibu nini.* Aina gani ya mbebaji wa mafuta umerithi kutoka kwa kila mzazi. Ni kipimo cha uwezekano. Hakisemi kama unaumwa. Uhusiano wa E4 na Alzheimer ya uzeeni uligunduliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani. Katika familia zilizochunguzwa wakati huo, wastani wa umri wa kuanza kuugua ulikuwa miaka 84 kwa wasio na E4, na ukashuka hadi 68 kwa wenye nakala mbili. Katika watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya E4 huongeza hatari kama mara tatu, na nakala mbili kati ya mara 8 na 12. E2 hupunguza hatari.

Takwimu hizo hazihamishiki kwa kila mtu. Katika utafiti uliolinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, uhusiano wa E4 na Alzheimer kwa Wayoruba ulikuwa dhaifu zaidi. Kwa Wajapani umeonekana kuwa mkubwa. Ukipewa asilimia ya hatari, uliza imetokana na watu wa asili ipi.

*Kinafanywaje.* Kwa damu, mate au usufi wa shavuni, mara moja maishani. Kwa mate, usile, usinywe wala kuvuta sigara kwa dakika 30 kabla. Maabara husoma alama mbili kwenye kromosomu ya 19: rs429358 na rs7412. Nakala yenye C na C ni E4, yenye T na C ni E3, yenye T na T ni E2. Mtu mwenye T/C kwenye alama zote mbili huhesabiwa E2/E4.

*Kinapotosha wapi.* Kwanza, kwenye data ghafi za vipimo vya nyumbani. Watu hupakua faili, hutafuta alama moja, huona C na kuanza kulia. Faili hizo hazijahakikiwa kwa matumizi ya tiba, na alama moja bila mwenzake haitoshi. Jibu lolote la namna hiyo lirudiwe kwenye maabara ya kliniki. Pili, aliyewahi kupandikizwa uboho: damu yake inaweza kuonyesha jeni za aliyemchangia.

Tatu, kosa la kupima kiasi cha protini ya APOE kwenye damu ukidhani unauona ubongo. Watu waliopandikizwa ini walithibitisha mwaka 1991 kwamba APOE ya damu na ile ya ubongo zimetengana: APOE ya damu yao iligeuka kuwa ya aina ya mwenye ini jipya, ila ile ya maji ya uti wa mgongo ikabaki ile ile waliyozaliwa nayo.

Lingine ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba nakala mbili za E2, ambazo kwa ubongo ni habari njema, zinaweza kwa wachache kuleta mrundikano wa mafuta kwenye damu. Ukiambiwa wewe ni E2/E2, pima mafuta ya damu.

*Kinamfaa nani.* Mgonjwa anayefikiriwa kuanzishiwa lekanemabu au donanemabu anakihitaji hasa. Dawa hizi huondoa amiloidi lakini huweza kuleta uvimbe au uvujaji mdogo wa damu ubongoni. Katika jaribio kuu la lekanemabu, uvimbe ulionekana kwenye picha kwa karibu 33 kati ya kila 100 wenye E4 mbili, 11 kwa wenye moja, na 5 kwa wasio nayo. Kwa sababu hiyo idhini ya Umoja wa Ulaya inawaacha nje wenye E4 mbili, na nchini Marekani onyo la dawa hiyo linashauri jeni ipimwe kabla ya kuanza.

Kwa mtu mzima wa afya anayetaka tu kujua, uamuzi ni wake, na usifanywe usiku mmoja. Utafiti wa REVEAL, uliowaeleza watoto wa wagonjwa majibu yao kwa ushauri nasaha, haukuona huzuni kubwa ya kudumu. Hata hivyo, utafiti mwingine wa mwaka 2014 uliona kwamba wazee waliojua wana E4 walijiona wana kumbukumbu mbaya zaidi, na hata walifanya vibaya zaidi kwenye mtihani wa maneno, kuliko wenye E4 ambao hawakuambiwa. Ushauri nasaha kabla na baada ya kipimo ni sehemu ya kipimo chenyewe. James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, aliruhusu jeni zake zichapishwe isipokuwa APOE. Kukataa kujua ni uamuzi wenye heshima yake.

2. Kipimo cha mafuta ya damu

*Kinajibu nini.* Kiasi cha kolesteroli inayobebwa na chembe za LDL (ile iitwayo mbaya) na HDL (ile iitwayo nzuri), pamoja na trigliseridi, katika damu. Si mafuta ya ubongo. Lakini mishipa inayoulisha ubongo iko upande wa damu, na LDL ikiiharibu, ubongo unalipa. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 iliiongeza LDL ya juu katika umri wa kati kwenye orodha yake ya visababishi 14 vya demensia (upotevu wa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) vinavyoweza kurekebishwa. Pia E4 yenyewe huelekea kuipandisha LDL, kwa hiyo aliyekuta ana E4 hapa ndipo ana kitu cha kushika mkononi.

*Kinafanywaje.* Damu ya mshipa. Maabara nyingi sasa hazidai mfungo, lakini trigliseridi zikiwa juu, rudia baada ya kukaa saa 9 hadi 12 bila kula, maji tu.

*Kinapotosha wapi.* LDL mara nyingi haipimwi moja kwa moja. Hukokotolewa kwa kutoa HDL na sehemu ya trigliseridi kutoka kwenye kolesteroli yote. Trigliseridi zikivuka 4.5 mmol/L (400 mg/dL), hesabu hiyo huvunjika. Omba ipimwe moja kwa moja. Ugonjwa mkali, kama homa kubwa au shambulio la moyo, hushusha kolesteroli kwa muda. Na kwa wazee kuna mtego: uzito na kolesteroli huweza kuanza kushuka miaka kadhaa kabla demensia haijaonekana. LDL ya chini kwa mtu wa miaka 80 anayekonda si lazima iwe habari njema.

*Kinamfaa nani.* Karibu kila mtu mzima, hasa kati ya miaka 40 na 65. Hiki hakitakwambia kama utaugua Alzheimer, ila ndicho peke yake kati ya vinne ambacho jibu lake baya lina dawa inayojulikana, ya kumeza, yenye faida kwa moyo hata kama ubongo ungewekwa kando.

3. Kipimo cha damu cha p-tau217

*Kinajibu nini.* Kama mabadiliko ya Alzheimer yapo ubongoni sasa. Tau ni protini ya ndani ya niuroni. Amiloidi inaporundikana, tau iliyofungwa fosfati kwenye nafasi ya 217 huongezeka na kuvuja hadi kwenye damu. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha aina hii, kinachogawanya p-tau217 kwa amiloidi beta 1-42, kwa watu wa miaka 55 na zaidi *wenye dalili*.

*Kinafanywaje.* Damu kwenye chupa yenye EDTA, kizuia damu kuganda, itenganishwe mapema, plazma (maji ya damu) igandishwe kama haipimwi siku hiyo. Maabara makini hutumia mipaka miwili: chini ya mmoja ni hasi, juu ya mwingine ni chanya, na katikati ni eneo lisilo na jibu. Katika kipimo kilichoruhusiwa 2025, chini ya asilimia 20 ya wagonjwa waliangukia hapo katikati. Ukipewa jibu lenye mpaka mmoja tu, "chanya" au "hasi", uliza kuhusu katikati.

*Kinapotosha wapi.* Figo zilizochoka hupandisha p-tau217 bila Alzheimer kuongezeka, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe pamoja nayo. Unene mkubwa huweza kuishusha.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumpima asiye na dalili. Hesabu ni hii. Tuseme kipimo kinawagundua wagonjwa 90 kati ya 100 na kuwaacha huru wazima 90 kati ya 100. Kwenye kliniki ya kumbukumbu, ambako 500 kati ya 1,000 wana Alzheimer, utapata chanya za kweli 450 na za uongo 50. Nenda sasa kwa watu 1,000 wa kawaida, 100 tu wakiwa na ugonjwa: chanya za kweli 90, za uongo 90. Kipimo kile kile, mashine ile ile, na nusu ya walioambiwa "chanya" hawana ugonjwa.

*Kinamfaa nani.* Mwenye dalili zilizothibitishwa na daktari kwa mtihani wa kumbukumbu, hasa kama picha ya PET au sindano ya mgongo haipatikani au anaiogopa. Hasi iliyo wazi kwa mtu kama huyo ina thamani kubwa: huielekeza familia kutafuta sababu nyingine.

4. Amiloidi kwa maji ya uti wa mgongo au picha ya PET

*Vinajibu nini.* Swali lile lile la p-tau217, ila kwa karibu zaidi. Maji ya uti wa mgongo yakiwa na uwiano mdogo wa amiloidi beta 42 kwa 40, maana yake amiloidi imebaki imenata ubongoni. PET huionyesha ilipo.

*Vinafanywaje.* Maji huchotwa kwa sindano kati ya pingili za chini za kiuno, kwa kawaida kama mililita 10, huku mwili ukiwa na kama mililita 150 na ukitengeneza karibu 500 kwa siku. Kwa PET, unadungwa dawa yenye florini-18, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Kwa hiyo ni lazima itengenezwe mahali pasipo mbali, na kuchelewa kwa mgonjwa ni dozi iliyopotea.

*Vinapotosha wapi.* Amiloidi beta hunata kwenye chupa za plastiki za kawaida na kusomeka chini kuliko ilivyo. Chupa ziwe za polipropileni zinazozuia kunata, na maji yasihamishwehamishwe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Baada ya sindano, kichwa huweza kuuma, maumivu yakizidi ukikaa na kupungua ukilala. Upande wa PET, chanya peke yake haimaanishi demensia: kati ya watu wenye kumbukumbu nzuri, amiloidi huonekana kwa karibu asilimia 10 wakiwa na miaka 50, na asilimia 44 wakifika 90.

*Vinamfaa nani.* Mgonjwa mdogo kwa umri, mwenye dalili zisizo za kawaida, aliyeangukia katikati kwenye p-tau217, au anayekaribia kuanza dawa ya kuondoa amiloidi.

Chagua kwa hali yako

Una miaka 45, huna dalili, mzazi aliugua baada ya miaka 75. Anza na mafuta ya damu, shinikizo la damu na sukari. APOE ni hiari. P-tau217 na PET acha.

Mzazi, babu na shangazi wote waliugua kabla ya miaka 60. APOE hapa si mahali pa kuanzia. Mnasihi wa jeni azungumzie APP, PSEN1 na PSEN2, jeni adimu ambazo nakala moja yenye hitilafu karibu kila mara huleta ugonjwa.

Mzee ana dalili kwa zaidi ya miezi sita. Sababu zinazotibika kwanza, kisha p-tau217 pamoja na kreatinini. Jibu likiwa la katikati, maji ya mgongo au PET.

Ameshathibitishwa, yuko hatua za mwanzo, na dawa ya kuondoa amiloidi inazungumziwa. APOE na picha ya MRI ya ubongo kabla ya dozi ya kwanza.

Yuko hatua za mwisho, hatambui watu. Hakuna hata kimoja kati ya vinne kitakachobadilisha anavyotunzwa. Nguvu ziende kwenye kumeza, usingizi, vidonda vya kulala, na mapumziko ya anayemuuguza.

Unataka APOE na unapanga kununua bima. Soma sheria ya nchi yako kabla, si baada. Nchini Marekani sheria ya mwaka 2008 inakulinda kwenye bima ya afya na ajira, lakini haigusi bima ya maisha, ya ulemavu wala ya matunzo ya muda mrefu.

Mzazi anapimwa APOE kwa ajili ya dawa. Waulizeni watoto mapema kama wangependa kujua. Mzazi mwenye E3/E4 humpa kila mtoto E4 kwa uwezekano wa nusu; mwenye E4/E4 humpa kila mtoto E4 moja, bila kubahatisha. Jibu lake likisomwa mezani mbele ya wote, watoto watakuwa wamepimwa bila kuombwa ridhaa.